Maji ya Kwanza ni ya Fundi

Mwiko wangu nimeutundika ukutani mwaka huu, na si kwa hiari yangu. Magoti yamekataa kupanda jukwaa, na fundi asiyepanda jukwaa ni mtazamaji kama watazamaji wengine, tena mwenye maneno mengi. Vijana niliowaacha kazini hapa Newala wameniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nadhani walitaka kujua nimejenga nyumba ngapi na nililipwa nini. Nyumba sikuzihesabu, na malipo yaliliwa siku nyingi. Nitawaandikia nilivyofundishwa, kisha nitawaandikia habari za nyumba moja ambayo mpaka leo nikipita barabara yake natazama upande wa pili.

Mimi ni Mmakua wa Lisekese, kule Masasi. Kwetu ukichimba kisima kwa bidii utapata maji, hata kama ni ya rangi ya chai. Nilipanda Newala nikiwa kijana, nikimfuata Fundi Nampota, mwashi wa Kimakonde aliyekuwa ameshuka Masasi kutafuta wasaidizi wasiojua kuchagua kazi. Siku ya kwanza niliamka nimejiandaa kushika mwiko. Akanipa ndoo.

"Wafuate wale akina mama," akasema. "Lete maji ya zege."

Nikawafuata. Njia inatoka mjini, inafika ukingoni mwa uwanda, halafu inateremka majabalini mpaka chemchemi ya bondeni. Kushuka niliona raha. Kupanda, niliwaza kumrudia mama yangu. Nilifika kwenye jengo jua limesimama utosini, ndoo ikiwa nusu, nusu nyingine nimeioga njiani.

"Huyu Mmakua kaleta maji au kaleta jasho?" akauliza mama mmoja, na wenzake wakacheka mpaka wakatua ndoo zao.

Fundi Nampota hakucheka. Aliniuliza, "Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba. Maji yako mbali."

"Bado hujaelewa. Kesho nenda tena."

Nilikwenda tena, na tena, mpaka siku niliyomwona kibarua mwenzangu akisuuza koleo kwa maji ya ndoo nzima, nikampokonya ndoo na kumtukana. Hapo ndipo Fundi Nampota aliponipa mwiko.

Aliniambia kwamba fundi wa huku juu hajengi nyumba, anajenga kisima chenye nyumba pembeni. Huku kwetu bati si kivuli tu, bati ni mto. Mvua inapiga bati, inaingia kwenye gata, gata inapeleka shimoni uani, na shimo likiwa zuri watu wa nyumba ile wanakunywa mpaka kiangazi kimechoka. Kwa hiyo aliipenda kazi ya kisima kuliko kazi zote. Shimo lake lilikuwa la mviringo, limetuna ubavuni kama chungu, maana kona ndizo zinazopasuka. Lipu aliipiga tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilimalizwa siku hiyo hiyo na mkono ule ule. Mkono ukibadilika, alisema, ukuta unajua. Juu yake niru, saruji tupu iliyokorogwa na maji, inasuguliwa mpaka unauona uso wako. Halafu mnamwagilia kila siku, asubuhi na jioni, mpaka saruji ishibe. Na viatu shimoni ni mwiko. Nilimwona akimfukuza mwenye nyumba kwenye kisima chake mwenyewe kwa sababu ya kandambili.

Alikuwa na desturi moja ambayo nimeishika maisha yangu yote. Mvua za kwanza hazichukuliwi, zinaachwa zioshe vumbi na majani ya mikorosho juu ya bati. Kisha gata inafungwa, kisima kinapokea. Maji yakishatulia, mama mwenye nyumba anachota kikombe cha kwanza na kumpa fundi. Fundi anakunywa mbele ya watu, chote, mpaka tone la mwisho. Kisha anamwambia, "Haya Mama, sasa kaa."

Na mama yule hukaa. Chini pale pale, hata kama ana chungu jikoni, hata kama ni kwa muda mfupi. Nimewaona bibi vikongwe wakikaa kwenye udongo wenye matope na kunyoosha miguu, wanacheka kama wasichana. Wengine walilia. Miaka na miaka ya kupanda lile jabali, halafu mtu anakuja anakwambia kaa.

"Fundi anayeogopa kunywa kwanza," Fundi Nampota alisema, "ujue kaiba saruji."

Alikufa kabla ya miaka ya ruksa, na mara nyingine nasema heri yake. Mimi nilirithi timazi lake na kelele zake.

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, wanunuzi binafsi wa korosho walipanda na malori na mizani yao, wakashindana bei, na watu waliokuwa wakisubiri malipo ya ushirika msimu mpaka msimu wakashika fedha mkononi siku ile ile. Sisemi ilikuwa mbaya. Nyasi ziliondoka juu ya nyumba nyingi, na visima nilivyochimba miaka ile bado vinanywesha watu. Lakini fedha ya ghafla ina kiherehere. Nilijenga nyumba zenye madirisha ya vioo vikubwa ambazo wenyewe walikuwa wakilala jikoni kwa sababu ya joto. Nilimjengea mtu mmoja gereji yenye geti la chuma, na ndani yake alikuwa analaza baiskeli. Nilicheka kimoyomoyo na kuchanganya zege. Fundi si mwenye nyumba.

Ndipo alipokuja Baba Somoe.

Alikuwa mkulima wa Kitangari, mtu mpole, mcheshi, asiye na deni na mtu. Alinunua nyumba hapa mjini, kando ya barabara kubwa, kutoka kwa familia ya karani mmoja marehemu. Niseme vizuri, maana hapa ndipo shina la mambo lilipo: aliyenunua ni mkewe. Fedha ilitokana na kuuzwa kwa mikorosho ya Makote, ambayo Mama Somoe aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, kama ilivyo desturi ya huku. Mikorosho ya namna hiyo haiuzwi hivi hivi. Kaka yake, Mzee Bakari, ndiye mjomba wa watoto na ndiye mwenye neno la mwisho. Alikubali kwa sababu moja tu.

Uani kwa karani palikuwa na kisima cha zamani, kimepasuka, kikavu, kimejaa majani. Siku waliyoniita kuitazama nyumba, Baba Somoe alikuwa mbele akipima ukuta kwa hatua zake. Mama Somoe alipita moja kwa moja mpaka uani, akapiga magoti kwenye mdomo wa kisima, akaingiza kichwa.

"Shikamoo, Fundi," akasema kichwa kikiwa bado shimoni, sauti ikirudi kutoka chini.

"Marahaba, Mama."

"Hiki kinapona?"

Nikashuka kwa ngazi, peku. Nikagonga kuta kwa mpini wa mwiko, mahali kwa mahali. Lipu ilikuwa imekufa lakini mwili wa shimo ulikuwa mzima, wa mviringo, kazi ya mtu aliyejua. "Kinapona, Mama. Lipu mpya, niru, gata nyuma yote. Mvua zijazo unakunywa."

"Basi mimi nimeshahama," akasema. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kipara kidogo utosini pale ndoo ilipokaa tangu utoto wake. Alisimama akajipangusa magoti, anatabasamu.

Mzee Bakari alikuwa amesimama nyuma yetu na bakora yake. Akamwita shemeji yake kutoka mbele. "Shemeji, mikorosho ya mama yetu imekwenda kwa ajili ya shimo hili. Dada yangu amepanda lile jabali tangu hajaota meno ya pili. Umesikia?"

"Nimesikia, Shemeji," akasema Baba Somoe. "Kisima kwanza." Na naamini siku ile alikuwa anasema kweli.

Tatizo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Pale alikaa wakala wa wanunuzi wa korosho, na nyumba yake ilikuwa na nguzo nne mbele, ngazi za kupandia, ukuta umepakwa rangi mbili. Kila jioni Baba Somoe alitoa kiti chake nje, akakaa, na alichokiona mbele ya macho yake kilikuwa nguzo za wakala. Mifuko ya saruji ya kisima ilikuwa imeshafika, imepangwa chumbani. Siku moja alinishika bega.

"Fundi, tuanze na mbele. Kisima mwezi ujao."

"Baba Somoe, tulikubaliana."

"Tulikubaliana. Lakini watu wanapita barabarani, Fundi, hawapiti kisimani."

Nilibishana naye, mke wake akasikia, akaja. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akasema, "Mwache. Akishatosheka na mbele, atafika nyuma." Nadhani alimpenda. Watu husahau kulisema hilo wanaposimulia habari hii.

Tukajenga nguzo. Na nguzo zinataka zege, zege linataka maji, na mnajua nani aliyaleta. Ndoo asubuhi na ndoo mchana, yeye na binti yake Somoe, aliyekuwa amemaliza shule msimu ule. Akitua ndoo alikuwa anazigonga nguzo zile kwa kofi. "Fundi, hizi zinakunywa kuliko ng'ombe, na maziwa hazitoi."

Baada ya nguzo zikaja ngazi. Baada ya ngazi, singibodi ya dari sebuleni. Gata Baba Somoe aliniambia niiweke mbele tu, pale inapoonekana, ipakwe rangi. Kila jambo likiisha, wakala naye alikuwa ameongeza lake, na kisima kikasogezwa mwakani. Mvua za mwaka ule zilinyesha juu ya bati jipya zuri, zikamwagika uani, zikatafuta njia, zikaenda zao bondeni. Mama Somoe akazifuata huko huko kwa ndoo.

Kisha ikaja habari ya choo. Baba Somoe alikwenda Mtwara kwa shughuli zake, akalala kwenye nyumba ya wageni, akarudi mtu mwingine. Alikuwa ameona choo cha kuvuta. Akaleta kimoja juu ya lori la korosho, cheupe, kimefungwa kwa magunia, pamoja na marumaru za kuta na fundi bomba wa kukifunga. Mimi nilitakiwa kujenga chumba chake, ndani ya nyumba, mlango ukitazama sebule.

"Maji yatatoka wapi?" nikamuuliza.

"Bomba litakuja."

"Bomba limeshakuja, Baba Somoe. Linatoa upepo."

"Litatoa maji. Nchi inakwenda mbele, Fundi, wewe unakwenda nyuma na mashimo yako."

Mama Somoe alikuwa mlangoni, ndoo kichwani. "Nimechota maji ya kunywa," akasema, "nikachota ya nguzo. Sasa nitachota ya..." Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga, tukacheka wote, hata mumewe. Nakumbuka kicheko kile kuliko mambo mengi muhimu zaidi ya maisha yangu.

Nyumba ilipokwisha, yaani mbele ilipokwisha, Baba Somoe aliitisha dua ya kuhamia, ingawa walikuwa wameshakaa humo muda mrefu. Ilikuwa wakati wa korosho kuanguka, ardhi imekauka, mvua bado. Waliitwa watu wa Kitangari, wa Makote, majirani wote, na wakala wa ng'ambo, ambaye hasa ndiye aliyeitiwa dua ile. Mama Somoe, binti yake na shoga zake walikuwa wamechota maji kwa siku kadhaa. Mapipa yalijaa. Sanduku la choo lilijazwa kwa ndoo na fundi bomba mwenyewe.

Dua ilisomwa vizuri. Kisha Baba Somoe akawaonyesha watu choo.

Walikwenda kwa zamu, wanaume wazima, wamevaa kanzu. Waliokuwa na haja walikwenda, na wasiokuwa na haja walikwenda. Mwenye nyumba alisimama mlangoni. "Vuta, vuta tu, usiogope." Mnyororo ukavutwa, maji yakanguruma, watu wakashangilia. Sanduku likiisha, kijana mmoja anajaza kutoka kwenye pipa, na mwingine anavuta. Niliwaza kusema neno. Nilikuwa mgeni, nimekaa kwenye mkeka, na furaha ya mtu haikatizwi nyumbani kwake. Pilau ilipopakuliwa, ikaitishwa birika la kunawia, na pipa la mwisho likalia tupu.

"Mama Somoe!" akaita mumewe kutoka mbele. "Maji ya kunawa!"

Alitokea uani na kanga yake mpya, doti aliyoinunua kwa siku ile. Somoe alitaka kuongozana naye. "Baki na masufuria," akamwambia, "wali uliobaki motoni usije ukaungua." Akachukua ndoo mbili na shoga yake mmoja, wakaenda kwa haraka, maana wageni walikuwa wanasubiri. Mtu anayepanda lile jabali tangu utoto anajua kwamba haliendwi kwa haraka.

Wageni walikaa mikono juu ya magoti, pilau inapoa. Tulianza kusema habari za bei ya korosho. Kisha tukasikia kilio kinatokea upande wa ukingoni, kinakuja, na kila mtu uwanjani akajua kabla hajaambiwa. Mama Somoe aliteleza wakati wa kupanda, ndoo ikiwa imejaa kichwani, shingo ikageuka naye. Walimpandisha kwa kitanda. Alikuwa ameshakufa, na kanga mpya ilikuwa imelowa.

Maiti huoshwa kwa maji. Nyumba ile yenye marumaru haikuwa na tone. Wakala wa ng'ambo alituma watu wake wakaleta ndoo baada ya ndoo, bila kuombwa, na mimi nikaenda kuwasaidia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufika uani kwake. Nyuma ya zile nguzo nne palikuwa na kisima kikubwa, cha mviringo, gata zimezunguka bati lote. Baba Somoe aliiga mbele ya nyumba ile mwaka mzima na nyuma hakufika hata siku moja. Nilikaa kwenye mdomo wa kisima cha wakala nikalia kwa hasira.

Siku ya kuondoa matanga, Baba Somoe alinivuta pembeni. Alikuwa amekonda ghafla, macho mekundu. Alitaka nimjengee mkewe kaburi. Kubwa, la zege, na marumaru zilizobaki chooni. "Watu wajue alikuwa mke wa nani," akasema. Saruji alikuwa ameshaiagiza.

Mzee Bakari alisikia. Hakupandisha sauti. "Shemeji, dada yangu atalala kwenye udongo, kama mama yetu alivyolala. Hakukuomba kaburi. Mikorosho sikudai, imekwenda. Nadai lile shimo."

Baba Somoe aligeuka akatazama upande wa uani. Kisha akanigeukia mimi, siyo shemeji yake, akasema taratibu, "Fundi, mvua lini?"

"Karibu."

"Basi tuanze kesho."

Tulianza kesho yake. Lipu nilipiga mwenyewe, tabaka kwa tabaka, sikumwachia mtu. Na kisima kinataka maji kabla hakijatoa maji: ya kuchanganyia, ya kumwagilia, asubuhi na jioni. Somoe alichukua ndoo. Baba yake akampokonya, akaenda yeye. Mwanamume mzima, mwenye nyumba ya nguzo, kwenye foleni ya akina mama chemchemini. Wiki ya kwanza walimcheka. Ya pili wakamfundisha kusokota kata ya nguo ya kutulizia ndoo kichwani. Alikuwa akifika, anatua, anakaa kwenye ngazi zake nzuri akihema. Nilijua anapita kila siku mahali alipoanguka mkewe, mara mbili, kushuka na kupanda. Sikumpa pole. Sikuwa nayo bado.

Gata niliifunga nyuma yote. Mvua ikaja. Za kwanza tukaziacha zioshe bati, za pili tukazipokea, tukasimama barazani tunasikiliza maji yakianguka shimoni. Maji yalipotulia tukakusanyika uani: Mzee Bakari, majirani wachache, Baba Somoe amejitenga kwenye kona ya ukuta.

Somoe ndiye aliyechota. Alinipa kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Nikanywa chote. Nilitamani yawe machungu. Yalikuwa maji matamu, safi, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikamrudishia kikombe, nikasimama kama mjinga. Maneno nilikuwa nayo, aliyestahili kuambiwa hakuwepo.

"Fundi," akasema Somoe kwa sauti ndogo, "hujasema."

Nikamtazama. Utosini kwake, kati ya nywele zilizosukwa, palikuwa pameanza kuwa wazi pale ndoo inapokaa.

"Haya, Mama," nikamwambia. "Sasa kaa."

Somoe akakaa chini kwenye matope, akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule akalia.